Kompyuta kuukuu isihukumiwe kabla ya kukaguliwa kinachojiwasha ndani yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye majuma mawili yaliyopita aliandika hapahapa kwamba wenye kompyuta kuukuu tuache kung'ang'ania vyuma chakavu, tununue mpya, kwa kuwa mashine ikishaanza kuchelewa kuwaka haina tena dawa. Sipingani naye katika yote, na nitasema mbele pale ninapokubaliana naye. Ila kauli yake kwamba ni uzee tu unaoifanya kompyuta iwe nzito ilinigusa, kwa sababu mimi mwenyewe niliisadiki kwa karibu mwaka mzima, nikailipia jumla ya shilingi 75,000, na mwishowe nikaja kugundua kwamba kilichokuwa kinailemea mashine yangu ni kifaili kimoja kidogo kuliko hata picha moja ya simu, ambacho kilikuwa kinajiwasha chenyewe kila asubuhi kabla sijakaa kitini.

Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Nilikuja Dodoma na wizara, baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia kweli, na nilipostaafu sikurudi Dar es Salaam. Nilifungua steshenari ndogo hapa Nkuhungu, ambayo naiendesha pamoja na binti yangu. Kompyuta yetu ni ya mezani, tuliinunua ikiwa imeshatumika, ina kichakataji, yaani ubongo wake, chenye viini viwili vya kufanyia kazi, kumbukumbu ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Si mashine ya kujivunia, lakini kazi zetu hazidai zaidi ya hapo: barua za maombi ya kazi, mihutasari ya vikoba, mikataba ya kupangisha vyumba na, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu unapofika, foleni ya vijana wanaotaka vyeti vyao viskaniwe na kupakiwa kabla dirisha halijafungwa.

Uzito ulianza polepole, kama mguu unaovimba. Mwanzoni tulikuwa tunawasha, tunafagia kibaraza, tukirudi tunakuta iko tayari. Baadaye tukawa tunafagia, tunachota maji, tunapanga karatasi, na bado kile kiduara kinazunguka kwenye skrini. Siku moja nilichukua saa nikapima: tangu kubonyeza kitufe hadi ukurasa wa kuandikia kukubali herufi ya kwanza zilipita dakika 12. Mteja anayetaka barua ya ukurasa mmoja hasubiri dakika 12. Anavuka barabara kwenda kwa jirani.

Tulimwita fundi. Aliitazama kwa muda usiozidi dakika tano, akasema, “Mzee wangu, hii imechoka. Tuipige windo, ikigoma tena ndiyo utafute nyingine.” Kwa msomaji asiyeyajua maneno ya vijana wa ufundi, kupiga windo ni kufuta mfumo mzima wa Windows na kuuweka upya, na kwa mafundi wengi wa mitaani hiyo ndiyo dawa ya kila ugonjwa, kuanzia sauti isiyotoka hadi printa isiyosoma. Alihamishia mafaili yetu kwenye flashi yake, akapiga windo, akayarudisha pamoja na programu zetu za zamani, akachukua shilingi 25,000. Kompyuta ikawaka vizuri kwa siku nane hivi, kisha ikarudi kulekule. Tulimwita tena, na tena. Mara tatu, dawa ileile, bei ileile, na kila mara nafuu ilikuwa fupi kuliko ya kabla yake. Baada ya mara ya tatu ndipo nilipojiuliza swali ambalo karani wa masjala hapaswi kuchelewa kujiuliza: kama nyumba imesafishwa yote na uchafu umerudi uleule, nani anaurudisha?

Naomba nieleze kidogo kuhusu masjala, kwa sababu ndiko nilikopata njia. Katika masjala iliyo na utaratibu, karatasi haiingii kwenye faili kimyakimya. Inapokelewa, inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio, na aliyeishughulikia anaacha dokezo lenye saini. Miaka mitano baadaye mtu akiuliza karatasi hii imetoka wapi, jibu lipo. Nilipokaa mbele ya kompyuta jioni ile, binti yangu akiwa amefunga duka, nilijiambia kwamba hata hii lazima iwe na rejista yake mahali fulani, na kwamba kitu kinachoamka chenyewe kila asubuhi lazima kiwe kimeandikwa mahali, kwa sababu kompyuta haina uwezo wa kukumbuka jambo ambalo halikuandikwa.

Na ndivyo ilivyo. Katika Windows 10 ukishika kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc linafunguka dirisha la kusimamia kazi, ambalo mafundi hulijua kwa jina la Task Manager. Ndani yake kuna kichupo kinachoonyesha programu zote zilizojiandikisha kuamka mashine inapowashwa, jina la aliyezitengeneza, na kama zinaruhusiwa au zimezimwa. Nilichukua kaunta buku nikaandika moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na moja. Nilizoweza kuzitambua kwa haraka ni ya printa, ya sauti, ya ulinzi wa Windows, mbili za kusasisha programu ambazo hata hatuzitumii, moja ya kupiga simu za video ambayo binti yangu aliiweka wakati wa korona, na nyingine ya modemu ya USB ambayo tuliinunua zamani na ambayo, Mungu ni shahidi, iliibiwa. Kila asubuhi kompyuta yangu ilikuwa inapoteza muda kuitafuta modemu ambayo mwizi wake huenda ameshaisahau.

Nilizima zile nisizozihitaji. Hapo fundi yeyote atakwambia hakuna madhara, maana kuzima si kufuta. Programu inabaki, isipokuwa inangoja uiite. Nikawasha upya nikapima: dakika tisa. Nafuu ilikuwepo, lakini dakika tisa si uponyaji, na feni iliendelea kuvuma kana kwamba mashine inasaga mahindi wakati hakuna mtu aliyekuwa anaifanyisha kazi. Nilipotazama kichupo cha kwanza cha dirisha lile, kinachoonyesha kila programu inakula nguvu kiasi gani, niliona moja imekaa kwenye asilimia 50 na haitetereki. Haipandi, haishuki. Baadaye nilielewa sababu: kompyuta yetu ina viini viwili, na programu ile ilikuwa imekikamata kiini kimoja kizima, imekigeuza shamba lake, ikituachia sisi wenye mashine kile kingine tugawane na Windows yenyewe.

Jina la programu hiyo ndilo lililonipoteza kwa siku tatu. Kwenye orodha ya zinazojiwasha, mbele yake palikuwa pameandikwa kwamba mtengenezaji ni Microsoft. Faili lake linaitwa wscript.exe, limekaa mahali pake halali ndani ya folda ya System32, na lina sahihi safi ya kidijiti. Nilivyolelewa, barua yenye muhuri wa Katibu Mkuu haihojiwi. Hata hivyo niliizima, kwa kuwa sikuona inanisaidia nini, na nilipowasha tena kompyuta niliikuta imerudi kwenye orodha, imeruhusiwa, asilimia 50 zilezile. Nikaizima mara ya pili. Ikarudi. Hapo nikajua nina mgeni asiyetaka kuaga.

Aliyenifungua macho ni binti wa jirani anayesoma mambo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, ambaye alipita kuchapisha ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Nilimweleza, naye akacheka kidogo kwa adabu. “Babu, huyo unayemfukuza hana kosa,” akasema. “Mwangalie amebeba nini.” Akabofya kwa upande wa kulia juu ya vichwa vya safuwima za ile orodha, akachagua safuwima ambayo kwa kawaida haionyeshwi, inayotaja amri nzima ambayo programu imepewa. Na pale, baada ya jina lile la heshima la wscript.exe, palitokea njia ndefu iliyopita kwenye folda ya mtumiaji, ikaingia AppData, ambayo Windows huificha, na kuishia kwenye faili lenye herufi nane zisizotamkika na mkia wa .vbs.

Wscript, Ndugu Mhariri, ni tarishi. Kazi yake tangu enzi za Windows 98 ni kupokea karatasi ya maagizo na kuyatekeleza, hasa yale yaliyoandikwa kwa lugha ya VBScript, bila kuuliza nani ameyaandika. Tarishi wa kweli ana kitambulisho cha kweli, geti analipita akiwa na sare, na askari hampekui. Aliyeandika kirusi kile, maana lile faili la .vbs lilikuwa kirusi, hakuhitaji kughushi jina la Microsoft. Alimpa tu tarishi wa Microsoft bahasha yake. Si ujanja mpya. Mei 2000 kirusi kilichoandikwa kwa lugha hiyohiyo kilitoka Ufilipino na kuzunguka dunia kwa barua pepe kikijifanya barua ya mapenzi, na Microsoft yenyewe ilitangaza mwaka 2023 kwamba VBScript itaondolewa polepole katika Windows. Lakini kwenye steshenari za mitaani polepole hiyo bado haijafika.

Kuhusu kwa nini ilikuwa inarudi kila nilipoizima, maelezo ni rahisi ukishayajua. Ile karatasi ya maagizo ilikuwa inafanya kazi wakati huohuo ninaohangaika nayo, na moja ya amri zake ilikuwa kutazama bila kupumzika kama jina lake bado limo, na bado linaruhusiwa, kwenye rejista ya Windows, yaani daftari ambamo mfumo huandika mipangilio yake. Likizimwa au likiondolewa, inaliandika upya papo hapo. Ilikuwa sawa na kumfuta mtu kwenye daftari la zamu ilhali yeye mwenyewe ameshika kalamu. Kutazama huko bila kupumzika ndiko pia kulikokula kile kiini kimoja. Dawa basi ni kumkuta akiwa amelala. Nilishika kitufe cha Shift huku nikichagua kuwasha upya, nikafuata njia hadi Windows ikawaka katika hali salama, ambamo haisomi ile orodha ya kawaida ya vinavyojiwasha. Nikafuta faili lenye herufi nane, nikafuta jina lake kwenye rejista, na kwa kuwa nilishazoea kwamba barua ya uzushi haiandikwi nakala moja, nikatafuta zaidi. Nakala ya pili nilikuta imekaa ndani ya folda ya kuanzia, ambayo nayo husomwa kila kompyuta inapowaka.

Kwa uhakika zaidi binti yule alinipakulia programu ya bure iitwayo Autoruns. Iliandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, waanzilishi wa Sysinternals mwaka 1996, na tangu 2006 iko mikononi mwa Microsoft. Naitaja kwa sababu ingekuwa nyenzo ya kwanza ya kila fundi. Task Manager inaonyesha sehemu tu ya milango. Autoruns inaonyesha karibu yote: rejista ya mtumiaji mmoja na ya watumiaji wote, folda za kuanzia, huduma zinazofanya kazi chinichini, na ratiba za kazi zilizopangiwa saa. Kisicho na sahihi ya kuaminika inakipaka rangi ya waridi, na kilichoandikishwa ilhali faili lake halipo inakipaka njano. Mistari ya njano kwangu ilikuwa minne, yote mabaki ya ile modemu iliyoibiwa. Karani yeyote aliyewahi kufanya ukaguzi wa masjala ataelewa raha niliyoipata kwa kuyaona hayo. Nikawasha upya, nikashika saa: dakika nne kasoro sekunde chache, na feni kimya.

Siku ya tatu yake asilimia 50 ilirudi.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la kompyuta yangu peke yake, na ndiyo sababu hasa ya kuandika gazetini badala ya kukaa kimya na dakika zangu nne. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kijana mmoja kuchapisha tasnifu yake. Alichomeka flashi, na badala ya folda zake tukaona vialama vya folda vyenye kimshale kidogo kwenye pembe, yaani njia za mkato. Alinieleza kwamba zimekuwa hivyo tangu mwezi uliopita, na kwamba anazibofya hivyohivyo na folda zinafunguka, hivyo hakujali. Nilimuuliza mwezi uliopita alichapisha wapi. Akanitazama kwa haya, akasema, “Hapahapa, mzee.”

Kirusi cha aina hii kikiingia kwenye kompyuta kinasubiri flashi. Ikichomekwa, kinajinakili humo, kinazificha folda za mwenyewe kwa kuzipa sifa ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha kinaweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Kila njia ya mkato inafanya mambo mawili: inamwita tarishi atekeleze kirusi, na inafungua folda halisi ili mwenye nayo asishtuke. Mwenye flashi anaona kazi zake, anashukuru, anaondoka nacho. Tangu Microsoft ilipozuia mwaka 2011 flashi zisijiendeshe zenyewe hata kwenye Windows za zamani, virusi vingi vya flashi humtegemea binadamu abofye, na hakuna mtu anayebofya folda kwa imani kama mwanafunzi aliyebakiwa na saa moja kuwasilisha kazi. Kwa miezi kadhaa, basi, steshenari yangu ilikuwa inachapisha kurasa kwa shilingi mia na kugawa ugonjwa bure kwa Nkuhungu nzima. Sijui niliwaambukiza wangapi. Najua tu waliorudi.

Mafaili ya yule kijana hayakuwa yamepotea. Kuna amri fupi iitwayo attrib ambayo inaondoa ile sifa ya kufichwa, na folda zote zikatokea kama zilivyokuwa, tasnifu ikiwemo. Alikuwa amekaa kwenye benchi akiwa ameshika kichwa. Nilipomwita atazame hakuinuka mara moja.

Sasa nirudi kwa fundi, ambaye sitamtaja na wala sina ugomvi naye, maana ni kijana mchapakazi na anafanya kama alivyofundishwa. Nilipokagua zaidi niligundua mambo mawili. La kwanza, ile flashi aliyokuwa anahamishia mafaili yetu kabla ya kupiga windo ndiyo iliyokuwa inaturudishia kirusi, kwa kuwa alikuwa anakihifadhi pamoja na mafaili, anasafisha nyumba, kisha anakirudisha sebuleni. Windo mpya haiwezi kuponya ugonjwa ambao umetunzwa kwenye mfuko wa daktari. La pili lilinikera zaidi. Windows 10 ina ulinzi wake wa ndani dhidi ya virusi, na ulinzi huo ulikuwa umeweka alama yake ya kijani siku zote hizo, kwamba kila kitu ni salama. Lakini ndani kabisa ya mipangilio yake kuna orodha ya mahali palipoondolewa kwenye ukaguzi, na katika orodha hiyo nilikuta imeandikwa diski C, nzima, pamoja na herufi mbili ambazo kompyuta yetu huzipa flashi. Fundi aliziondoa ili ulinzi usiikamate ile programu yake ya kuipa Windows leseni ya ujanja, akamaliza kazi, akasahau. Mlinzi alikuwa getini, macho yamefumbwa, na taa ya kijani inawaka juu ya kofia yake. Nilipozifuta herufi zile tatu, ulinzi wenyewe ulikamata kirusi siku hiyohiyo kwenye flashi ya mteja wa pili.

Nalisema hili nikijua kwamba steshenari nyingi haziwezi kununua leseni, na kwamba anayehubiri juu ya leseni huku akila kwa jasho la mashine yenye leseni ya ujanja atachekwa. Nami nimechekwa na binti yangu tayari. Ninachodai ni kidogo kuliko leseni. Ninadai kwamba fundi akifungua mlango wa nyumba ya mtu, amwambie ameufungua.

Kwa msomaji mwenzangu wa juma lile, haya ndiyo ninayokubaliana naye. Ni kweli kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mashine kama yangu haikubaliwi na Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Siku yake itafika. Ni kweli pia kwamba si kila kompyuta nzito ina kirusi: diski ya kuzunguka ni nzito kwa asili yake ukilinganisha na SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, na vumbi la Dodoma miezi ya kiangazi, lile jekundu linalopita hata kwenye dirisha lililofungwa, hukaa kwenye feni na mapezi ya kupozea hadi kichakataji kikapunguza mwendo chenyewe kuepuka kuungua. Nilipofungua boksi letu nilitoa vumbi la kujaza kikombe. Lakini ningemfuata ushauri wake nikanunua mpya, ningeichomekea flashi zilezile, nikarudishia mafaili yaleyale, na kirusi kingehamia siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba mashine mpya yenye viini vingi isingelemewa. Ingewaka haraka, isingevuma, nami ningeendelea kuambukiza mtaa bila hata dalili ya kunishtua. Kwa maana hiyo uzee wa kompyuta yangu ndio uliotuokoa.

Ombi langu kwa mafundi ni wakubali utaratibu wa dokezo. Fundi akimaliza kazi aandike kwenye karatasi, hata ya nusu ukurasa, alichokikuta, alichokiweka, alichokizima na alichokiondoa kwenye ukaguzi, aweke tarehe na saini, na karatasi ibaki kwa mwenye kompyuta. Ningekuwa na karatasi tatu za namna hiyo mbele yangu, nisingepoteza mwaka. Halmashauri ya Jiji, ambayo inatutoza leseni za biashara sisi wenye steshenari, ingeweza pia kutuitia nusu siku ya mafunzo ya jambo hili moja, kwa kuwa kwenye mashine zetu hupita vyeti vya kuzaliwa, namba za vitambulisho vya taifa, mikataba na barua za hospitali za watu wasiotujua, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Kirusi changu kilitosheka kujinakili na kula umeme. Kingine kinaweza kubeba vyeti hivyo kikaondoka navyo kwenye bando langu mwenyewe.

Kwa wenye steshenari wenzangu sina mengi. Kabla ya kufungua kitu chochote kwenye flashi ya mteja, ikaguliwe. Kinachochukua dakika moja mteja ataelewa akielezwa kwamba ni kwa faida yake. Na asubuhi moja yenye wateja wachache, muandike kwenye daftari kila kinachojiwasha ndani ya mashine zenu, na mbele ya kila jina mwandike nani alikiweka na kwa kazi gani. Jina litakalokosa maelezo ndilo la kuanzia.

Daftari letu lipo mezani, limefungwa kamba pembeni ya printa. Vilivyojiandikisha sasa ni vitano. Jumamosi iliyopita alikuja fundi mwingine kubadilisha feni, na alipomaliza nilimsogezea kaunta buku na kalamu. Alidhani nataka namba yake ya simu. Nilipomweleza alisita, akacheka, kisha akaandika kwa herufi kubwa: “FENI MPYA. VUMBI LIMETOLEWA. HAKUNA PROGRAMU ILIYOWEKWA.” Akaweka tarehe na saini, nami nikaipa folio namba moja.

Wako mtiifu,
Karani mstaafu wa masjala,
Nkuhungu, Dodoma.